Mapenzi ya gitaa la Emmons yamo ndani ya kidole chake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme neno kuhusu gitaa la stili lenye pedeli, hasa lile la kampuni ya Emmons lililoundwa kwa mkono huko Burlington, jimbo la North Carolina, nchini Marekani. Miongoni mwa wanamuziki wa Dar es Salaam kuna usemi kwamba mtu anayehangaika kulitafuta gitaa hilo kuukuu, ilhali mapya yapo, anatafuta jina tu la kujivunia. Usemi huo si kweli, na una hasara yake. Aliyeusadiki akipata fedha hununua chochote chenye jina hilo ubavuni, kisha anajuta. Aliyelipata la kweli naye, likianza kupoteza tuni, hulifungia stoo kwa kuamini kwamba hakuna fundi nchini anayeweza kuligusa. Wote wawili wangeokoka kama wangejua kinachopendwa ni nini hasa. Sababu ipo, inaonekana kwa macho na kushikika kwa mkono.

Msomaji ambaye hajawahi kuliona gitaa hili anaijua sauti yake. Ni ile inayolia taratibu nyuma ya Don Williams, mwimbaji wa kantri wa Marekani ambaye nyimbo zake zimepigwa sana majumbani kwetu. Katika rekodi zake nyingi mpigaji ni Lloyd Green. Kwa hapa Afrika, Demola Adepoju aliipiga katika bendi ya King Sunny Adé wa Nigeria, na hapo ndipo mtu anapoona kwamba chombo hiki hakikuumbwa kwa ajili ya muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani peke yao. Gitaa hili linakaa kama meza nyembamba juu ya miguu minne, nyuzi 10 zikitazama dari. Mkono wa kushoto unatelezesha chuma kizito cha mviringo juu ya nyuzi, wa kulia unadonoa kwa kucha za bandia. Mguu wa kushoto uko kwenye pedeli, wa kulia kwenye pedeli ya sauti, na magoti yanasukuma nyenzo nne au tano zilizoning'inia chini ya bodi. Yapo yenye shingo mbili, ya pili ikiwa na tuni, yaani mpangilio wa noti za nyuzi, ya C6 kwa wapenzi wa jazi na swingi, lakini tuni inayosikika zaidi ni E9.

Kuanzia uzi wa mbali na mpigaji, E9 inakwenda hivi: F shapu, D shapu, G shapu, E, B, G shapu, F shapu, E, D, B. Pedeli ya A inapandisha nyuzi za B, yaani wa 5 na wa 10, toni nzima hadi C shapu. Pedeli ya B inapandisha nyuzi za G shapu, wa 3 na wa 6, nusu toni hadi A. Zikanyage zote mbili bila kusogeza chuma hata kidogo, E meja imegeuka A meja, na katika kugeuka huko noti mbili zimepanda huku ya tatu imesimama palepale. Kile kilio kinachomfanya mtu aache kuongea kimetoka hapo. Gitaa la kawaida haliwezi kukitoa, hata mpigaji awe hodari kiasi gani wa kuvuta nyuzi.

Historia tutaipita haraka. Paul Bigsby wa Downey, California, alimtengenezea mpigaji Speedy West stili yenye pedeli mwaka 1948. Aliunda kimoja kimoja kwa oda. Mpigaji Bud Isaacs akaifanya dunia isikie pedeli ikikanyagwa katikati ya noti, katika wimbo wa mwimbaji Webb Pierce uliovuma mwaka 1954. Shot Jackson na Buddy Emmons wakaanzisha Sho-Bud mjini Nashville katika miaka ya 1950, jina likiwa limeunganishwa kutoka majina yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Emmons akatoka na kuungana na Ron Lashley, ndipo ikazaliwa kampuni yenye jina lake. Huyu Emmons, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa kwanza mpigaji, tena wa daraja la juu kabisa, na aliyajua matatizo ya chombo kwa mguu na goti lake kabla ya kuyajua kwa bisibisi. Zipo stili nyingine adimu za mkono, kama Franklin, zilizoundwa na baba yake mpigaji Paul Franklin, nazo zinastahili barua yao.

Sasa tufike kwenye kidole. Tazama mwisho wa gitaa, upande wa mkono wa kulia wa mpigaji. Hakuna daraja lililokaa tuli. Kila uzi umepita juu ya kidole chake cha aluminiamu chenye kichwa cha duara, na vidole vyote kumi vimevaa mhimili mmoja wa chuma. Kidole kikivutwa, uzi unakaza na noti inapanda. Kikiachiwa kwenda upande wa pili, uzi unalegea na noti inashuka. Katika stili nyingi za leo, ziitwazo za kuvuta tu, kidole hicho kimeungwa kwa vipande zaidi ya kimoja, cha kupandishia na cha kushushia, vinavyofanya kazi kama mkasi, na springi ndizo zinazovishika vitulie. Emmons ya zamani, ambayo wapigaji huiita ya kusukuma na kuvuta, ina kidole cha kipande kimoja. Fito moja inakivuta, nyingine inakisukuma. Kikipumzika, kinaegemea kituo kigumu.

Uzi wa 3, wenye unene wa inchi 0.011 na urefu wa inchi 24 kutoka kichwani hadi kwenye kidole, unapotyuniwa G shapu unavuta kwa nguvu ya karibu kilo 12.5. Nguvu hiyo inakishindilia kidole mahali pake. Mtetemo wa uzi haupotelei kwenye maungio wala springi, unakwenda moja kwa moja kwenye bodi ya mti wa mepo na kurudi. Ndivyo wapigaji na mafundi wengi wanavyoieleza ile sauti yenye mwanzo mkali na mkia mrefu, na sisi tunakubaliana nao. Wapenzi wa Emmons wanakipenda kidole hicho kimoja. Jina lililobandikwa mbele ni la kukitambulisha tu.

Lakini kidole hichohicho ndicho chanzo cha malalamiko, kwa sababu hakityuniwi kama cha stili nyingine. Mtu aliyezoea stili ya kuvuta tu hutyuni noti wazi, yaani ya uzi usioguswa na pedeli wala wenzo, kichwani, kisha pandisho na shusho kwenye nati za nailoni pembeni. Akifanya hivyo kwenye Emmons ya kusukuma na kuvuta atazunguka usiku kucha. Uzi wenye shusho, mathalani wa 4 na wa 8 ambazo goti huzishusha kutoka E hadi D shapu, unaanza na shusho. Bana wenzo wa goti hadi mwisho na uushikilie, tyuni D shapu kwa funguo za kichwani. Achia wenzo, sasa tyuni E kwa skrubu iliyo kwenye bamba la pembeni. Pandisho linafuata mwishoni. Sababu ni kwamba uzi unaposhushwa ndipo kidole kinapofika kwenye kituo cha bodi. Noti wazi ni mahali kilipozuiwa na skrubu. Ukigusa funguo ya kichwani baada ya kumaliza, umeharibu noti zote mbili, na itabidi uanze upya uzi ule. Fundi anayerudishiwa gitaa la namna hii mara tatu kwa wiki aanze kwa kuuliza mwenyewe anatyuni kwa utaratibu gani, kabla hajafungua hata skrubu moja.

Kosa la pili ni kutokuacha nafasi. Fito inapaswa kuwa na mchezo mdogo kabla haijaanza kukivuta kidole, kiasi cha kuusikia kwa ncha ya kidole chako ukiitikisa. Mtu anakaza ili pedeli iwe nyepesi na ya haraka, mchezo unakwisha, kidole hakifiki tena kwenye kituo chake, na noti wazi inabaki juu kila pedeli inapoachiwa. Hapo watu husema gitaa limechoka. Legeza robo duru, pima tena.

Anayetaka kununua, aje na vitu vitatu: tochi, mita ya umeme na kityuni (kipima noti) cha kubana. Alipindue gitaa kabla ya kuliplagi. Vichwa vya skrubu vilivyoliwa na bisibisi ni ushahidi kwamba limepita mikono isiyolijua. Alinganishe vikono vilivyo kwenye mihimili ya chini. Kimoja kikiwa na umbo tofauti na vingine, kimeazimwa kwenye gitaa lingine. Kisha alisimamishe, akanyage kila pedeli polepole na kuiachia, halafu aikanyage kwa nguvu na kuiachia ghafla, akitazama kityuni. Nusu toni ina senti 100; noti ikirudi na tofauti ya senti moja au mbili hakuna ubaya, ikirudi kila mara mahali tofauti, kuna uchafu kwenye mhimili au springi iliyolegea. Ajaribu na jambo ambalo wauzaji hawalipendi: apige uzi wa 4 ukiwa wazi, akanyage A na B kwa pamoja, atazame E hiyo ambayo pedeli hizo haziigusi. Itashuka kidogo, kwa kuwa bodi inapinda chini ya mvuto. Senti tatu au nne zinavumilika. Zikipita kumi, bodi au maungio ya miguu yana tatizo, na hakuna namna ya kutyuni itakayoliponya.

Mita aiweke kwenye tundu la waya, bila pedeli ya sauti katikati. Pikapu, yaani kinasa mtetemo kilicho chini ya nyuzi, ya koili moja ya stili husoma kwa kawaida kati ya kiloomu 15 na 20. Mita isiposoma kitu, waya umekatika ndani. Waya wenyewe una unene wa kama milimita 0.06, mwembamba kuliko unywele wa watu wengi, na chumvi ya hewa ya pwani huula taratibu mahali ulipounganishwa.

Na ahakikishe anachonunua. Kampuni ileile ya Emmons baadaye ilitengeneza LeGrande, ambayo ni ya kuvuta tu. Ni gitaa zuri, ila siyo hili. Ukiona pembeni safu za nati za nailoni, ni ya kuvuta tu. Ukiona skrubu, endelea kuchunguza chini. Kwa anayeanza kujifunza tunamshauri waziwazi asianze na ya kusukuma na kuvuta. Kubadilisha mpangilio wa pedeli zake ni kazi ya siku, wakati kwenye ya kuvuta tu ni kuhamisha fito kutoka tundu hadi tundu. Aanze na shingo moja, pedeli tatu, nyenzo nne, bodi isiyo na nyufa. Ajifunze kutyuni kwanza. Pia afikirie mzigo: lenye shingo mbili na sanduku lake hupita kilo 30, na ngazi za kumbi zetu wanamuziki mnazijua.

Kuhusu hali ya hewa ya Dar tutaeleza zaidi, maana hapa ndipo stili nzuri zinapofia. Sanduku lenye sponji ndani ni adui wakati wa masika. Sponji hunyonya unyevu na kuushikilia juu ya chuma, hivyo gitaa lililofungiwa kwa usalama linaota kutu upesi kuliko lililo wazi sebuleni. Likae kwenye miguu yake, limefunikwa kwa kanga kavu, mbali na ukuta wa nje na dirisha linaloelekea bahari. Likilazimika kuwa sandukuni, vifuko vya kunyonya unyevu viwemo na vibadilishwe. Baada ya kupiga, futa nyuzi juu na chini kwa kitambaa cha pamba, kisha pangusa vichwa vya vidole, kwa sababu jasho la mkono hutiririkia huko.

Oili iwe ya cherehani. Tone moja kila mwisho wa mhimili wa vidole na tone moja kila maungio ya chini, mara mbili kwa mwaka, basi. Grisi isikaribie vidole. Inashika vumbi, vumbi linakuwa tope gumu, na kidole kinachotakiwa kurudi kwa ulaini kinarudi kwa kusitasita. Kama tope limeshaganda, toa nyuzi, tandika matambara chini, sukuma vidole mbele na nyuma huku ukidondosha mafuta ya viberiti vya Zippo hadi yatoke safi, acha yakauke kabisa, ndipo utie oili. Fanya hivyo nje, mbali na moto na sigara. Mahali pekee grisi inaporuhusiwa ni kwenye meno ya skrubu za chuma zinazoingia kwenye aluminiamu, utando mwembamba tu. Metali hizo mbili zikikutana na hewa ya chumvi huumana, na baada ya mwaka skrubu haitoki bila kuvunjika kichwa.

Uzi wa 3 utakatika. Usimlaumu muuza nyuzi. Pedeli ya B inaupeleka kutoka zile kilo 12.5 hadi karibu 14, tena na tena, na kila mara unapinda juu ya kichwa cha kidole palepale. Ukikatika mahali pamoja mara mbili, chukua tochi na upitishe ukucha juu ya kidole hicho. Utasikia mfereji mdogo, kama alama ya kisu kwenye ubao wa jikoni. Toa uzi, sugua kwa msasa namba 600 kufuata mviringo wa kidole, kisha 1000, kisha ng'arisha kwa kitambaa. Usisugue hadi kichwa kiwe bapa. Kikiwa bapa, uzi utaanza kuvuma kama nyuki. Dukani hapa mjini si rahisi kupata seti kamili ya stili, lakini uzi wa 0.011 unatoka kwenye seti ya kawaida ya gitaa kavu inayoanzia namba hiyo, na wa 0.014 na 0.017 huuzwa mmojammoja. Nyuzi zilizosalia za seti ni 0.013, 0.015, 0.020, 0.026, 0.030, 0.034 na 0.036. Anayesafiri aagizwe nyuzi tano za namba 3 kwa kila seti moja.

Gitaa lenyewe halitumii umeme, amplifaya ndiyo hutumia. Amplifaya iliyokuja nalo kutoka Marekani ni ya volti 120, na ukutani kwetu kuna 230. Itahitaji transfoma ya kushusha. Kwa amplifaya kubwa za stili chukua ya VA 1000 au zaidi, na uiweke mbali na gitaa angalau mita mbili, maana pikapu ya koili moja hunasa muungurumo wake. Geuza kiti chako polepole hadi muungurumo upungue, hapo ndipo pa kukaa.

Mwisho ni mafundi. Wakereza vyuma wa Gerezani na wa Vingunguti wanatengeneza kila siku vipuri vinavyotaka usahihi mkubwa kuliko hivi. Fito, vikono, vituo vya pedeli, hata kidole chenyewe, vyote vinakerezeka. Mafundi wa kusuka mota wakipewa waya mwembamba unaofaa na muda wa kutosha wanaweza kuisuka pikapu. Wanachokosa ni sampuli na maelezo. Usimpelekee fundi picha ya simu. Mpelekee kipande kilichovunjika pamoja na kizima cha jirani yake, na umwambie tangu mwanzo kwamba meno ni ya inchi. Skrubu ya Marekani ya 10-32 ina kipenyo cha milimita 4.83 na hatua ya milimita 0.794; M5 yetu ina milimita 5 na hatua ya 0.8. Zinafanana kiasi kwamba M5 itaingia duru mbili tatu kwenye tundu la 10-32 na kila mtu afurahi, kisha inatafuna aluminiamu na tundu limekwisha. Skrubu ikigoma baada ya duru ya pili, itoe, na umwombe fundi akukereze ya inchi.

Kidole cha zamani kilichobadilishwa kisitupwe wala kisiuzwe kama chakavu. Kitiwe oili, kifungwe kwenye kitambaa, kiwekwe ndani ya sanduku la gitaa pamoja na karatasi inayosema ni cha uzi wa ngapi. Fundi atakayekuja baadaye atapimia hicho.

Wapiga magitaa na mafundi wa vyombo,
Ilala, Dar es Salaam